UZI: Picha ya Bockscar inayozunguka mitandaoni haikupigwa alfajiri ya Nagasaki. Soma pua, kisha soma mkia

MsomaPicha (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki hii nimetumiwa picha moja mara nne, kwenye magrupu manne tofauti. Ni ndege ya Kimarekani aina ya B-29 iliyoegeshwa, na puani pamechorwa behewa la mizigo lenye mbawa. Chini ya behewa kuna reli. Reli inaanzia Salt Lake na kuishia Nagasaki. Maelezo yanayokuja na picha ni yaleyale kila mara: kwamba hii ni Bockscar, ndege iliyodondosha bomu la atomiki Nagasaki, Japani, dakika chache kabla ya kuruka kwenda huko, alfajiri ya tarehe 9 Agosti 1945.

Ndege ni yenyewe. Jina ni sahihi. Ila picha haikupigwa alfajiri ile, na haingewezekana ipigwe. Huhitaji kwenda maktaba kulijua hilo, maana jibu limechorwa palepale puani.

Alfajiri ile Bockscar haikupangiwa kwenda Nagasaki kwanza. Shabaha ya kwanza ilikuwa Kokura, mji wa kaskazini ya kisiwa cha Kyushu uliokuwa na kiwanda kikubwa cha silaha. Nagasaki ilikuwa shabaha ya akiba. Bockscar iliondoka kisiwa cha Tinian, katika bahari ya Pasifiki, saa 9:47 usiku, ikafika Kokura ikakuta mawingu na moshi. Wakapita juu ya mji mara tatu, mlenga bomu Kermit Beahan asione alama aliyotakiwa kuiona. Mafuta nayo yalikuwa yanawaishia, kwa sababu pampu ya tangi la akiba iligoma tangu kabla hawajaruka na hawakuweza kuyatumia mafuta yaliyokuwa humo. Ndipo wakageuza kuelekea Nagasaki. Bomu lililipuka saa 5:02 asubuhi kwa saa za Japani.

Sasa niambieni, nani angechora reli inayoishia Nagasaki kabla ya ndege kuruka, wakati wote waliokuwa pale wanajua safari ni ya Kokura? Mchoro ule ulipakwa baada ya safari. Kwa hiyo kila picha inayouonyesha ni ya baada ya tarehe 9 Agosti, na hilo halina mjadala.

Nimeona nifungue uzi kwa sababu wengi tunachukulia mchoro wa puani kama hati ya kuzaliwa ya ndege. Haikuwa hivyo. Mchoro ni rangi, na rangi hupakwa siku fulani, na mtu fulani, na inaweza kufutwa au kupakwa upya. Ukitaka kuitambua ndege ya vita kutoka kwenye picha kuukuu, jiulize kwanza: kila alama ninayoiona hapa ilipakwa lini?

Nianze na jina. Ndege ilikuwa ya Kapteni Frederick Bock. Kwa Kiingereza, "gari la Bock" (Bock's car) na "behewa la mizigo" (boxcar) yanatamkwa sawasawa, ndiyo maana likachorwa behewa. Salt Lake imeingia kwa sababu kikosi chao, cha 509, kilifanya mazoezi Wendover, jimbo la Utah, na Salt Lake City ndiyo mji mkubwa wa jimbo hilo.

Lakini tarehe 9 Bock hakuirusha ndege yake. Aliirusha Meja Charles Sweeney. Ndege ya Sweeney ilikuwa The Great Artiste, ambayo siku tatu kabla ilikwenda Hiroshima ikiwa imebeba vyombo vya kupimia mlipuko. Kuving'oa vyombo vile na kuvifunga kwenye ndege nyingine ilikuwa kazi, hivyo wakabadilishana: Sweeney na watu wake wakapanda ndege ya Bock wakiwa na bomu, Bock na watu wake wakapanda The Great Artiste yenye vyombo.

Hapo ndipo dunia ilipochanganyikiwa. Mwandishi wa habari William Laurence wa New York Times alikuwa angani siku ile, ndani ya ndege ya vyombo pamoja na Bock. Alijua Sweeney ni wa The Great Artiste. Alijua Sweeney ndiye aliyebeba bomu. Akaandika kwamba The Great Artiste ndiyo iliyodondosha bomu. Kwenye pua ya Bockscar hapakuwa na jina wala behewa la kumsahihisha. Kilichokuja kuokoa ukweli ni namba. Ndege ya bomu ilikuwa na namba 77 ubavuni, na namba hiyo ilikumbukwa kwa kuwa ilifanana na ya jezi ya Red Grange, mchezaji maarufu wa mpira wa Kimarekani. The Great Artiste ilikuwa namba 89. Mtu aliyeshuhudia kwa macho yake alikosea jina, namba haikukosea.

Ndiyo maana nasema someni mkia na ubavu kabla hamjaamini pua. Nitaendelea kwa maswali yenu.

Kibada77

Mkuu, asante sana. Mimi ni mmoja wa walioisambaza hiyo picha, nakiri. Sikuwahi kufikiria habari ya Kokura. Swali: hizo namba na herufi za mkiani zinasomwaje? Kuna picha nyingine ninayo ya B-29 yenye N ndani ya pembetatu, na mtu ameandika kwamba ni ya kikosi kingine kabisa.

MsomaPicha

Kibada77, swali zuri sana, na aliyekuandikia hivyo amedanganywa na mtego uliowekwa makusudi mwaka 1945.

Kikosi cha 509 kilipofika Tinian, ndege zake 15 zilikuwa na alama yao mkiani: mshale ndani ya duara. Kuanzia tarehe 1 Agosti wakaificha. Kila ndege ikapakwa alama ya kikosi kingine ambacho tayari Wajapani walikuwa wanakijua. Bockscar ilipewa N ndani ya pembetatu, ambayo ni alama ya kikosi cha 444. Enola Gay, ile iliyodondosha bomu la Hiroshima, na The Great Artiste zikapewa R ndani ya duara, ya kikosi cha 6. Nyingine zikapewa P ndani ya mraba, na nyingine herufi A kubwa.

Wasije wakagongana na ndege halisi za vikosi hivyo, namba za ubavuni nazo zikabadilishwa. Bockscar ilikuwa namba 7, ikawa 77. Enola Gay ilikuwa 12, ikawa 82.

Unaona jinsi hilo linavyokupa tarehe? Ukikuta picha ya ndege yenye mshale na namba 12, hiyo ni Enola Gay ya kabla ya Agosti 1945. Ukikuta 82 na R lakini puani hapana jina, umebakiwa na nafasi finyu sana, kwa sababu jina lilipakwa tarehe 5 Agosti, siku moja kabla ya Hiroshima. Aliyelipaka ni askari Allan Karl, kwa maagizo ya Kanali Paul Tibbets, aliyeirusha kwenda Hiroshima, na ni jina la mama mzazi wa Tibbets. Robert Lewis, aliyezoea kuirusha ndege ile, alikasirika sana alipoliona. Kwa hiyo zile picha za Tibbets akipunga mkono dirishani na jina likionekana chini yake haziwezi kuwa za Julai.

Sasa N yako. Utajuaje kama ni ya 444 kweli au ni ya 509 iliyojificha? Angalia mgongo wa ndege. B-29 ya kawaida ina minara ya bunduki juu na chini ya bodi, ile mabonge ya mviringo yenye mitutu. Ndege za 509 ziling'olewa yote ili zipungue uzito, ikabaki bunduki ya mkiani tu. Mgongo ukiwa laini na mkiani pana N, anza kuhesabu mapigo ya moyo wako, kisha tafuta 77.

Kibada77

Mgongo una mabonge mawili mkuu. Moja karibu na pua na moja nyuma.

MsomaPicha

Basi ni ya 444 yenyewe, na aliyekuandikia amepatia kwa ndege hiyo. Nisamehe kwa kumhukumu haraka.

BintiBandari

Samahani kaka, mimi si mtaalamu, naomba kueleweshwa. Kama rangi inabadilika, namba inabadilika na alama ya mkia inabadilika, kuna kitu gani kisichobadilika?

MsomaPicha

Dada, hapo ndipo penye kiini cha kazi yote. Kisichobadilika ni namba ya mfululizo, ile ambayo ndege hupewa na jeshi inapoagizwa kiwandani. Ya Bockscar ni 44-27297. Ya Enola Gay ni 44-86292. Ya The Great Artiste ni 44-27353. Tarakimu mbili za mwanzo ni mwaka wa bajeti ya ununuzi.

Kwenye mkia hutaiona yote. Wamarekani waliacha tarakimu ya kwanza ya mwaka na kile kistari. Kwa hiyo Bockscar mkiani inasomeka 427297. Ukizijua tarakimu hizo sita, hata pua ikikatwa kwenye picha unaitambua. Kuna pia maandishi madogo ya kiwandani upande wa kushoto, karibu na dirisha la rubani, yenye aina ya ndege na namba kamili. Kwa picha iliyochanganuliwa vizuri, ukiikuza unaweza kuyasoma. Kwa picha iliyopita WhatsApp mara kumi, sahau.

Ndege ya Waingereza inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko zote ni ndege ya mabomu Lancaster, namba R5868. Katika kikosi cha 83 iliitwa Queenie na herufi zake zilikuwa OL-Q. Ikahamia kikosi cha 467 cha Australia, ikawa S kwa Sugar, herufi PO-S, na puani ikaandikwa yale majigambo ya Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, kwamba hakuna ndege ya adui itakayoruka juu ya ardhi ya Reich, yaani Ujerumani, na kando yake safu kwa safu za alama za mabomu kuhesabu safari ilizokwenda. Mtu akiweka picha zake mbili pembeni utaapa ni ndege mbili. Ni moja, na ipo leo kwenye jumba la makumbusho la jeshi la anga la Uingereza (RAF), Hendon, London. R5868 ndiyo iliyoziunganisha.

Fundi Mota

Naongezea kitu kutoka kazini kwangu, nachapisha picha za zamani. Negativu inaweza kuchapwa kinyumenyume, kushoto ikawa kulia. Nimeshuhudia mara nyingi kwenye picha za harusi, saa ya bwana harusi inahamia mkono mwingine. Kwenye ndege nadhani herufi zitakuumbua mara moja.

MsomaPicha

Fundi, zinaumbua, lakini si zote. R ikigeuzwa unaiona. N ikigeuzwa mistari inalala upande mbaya, ukiwa makini unaiona. A haikuumbui hata kidogo, inafanana mbele na nyuma. Ndiyo maana huwa natafuta herufi au tarakimu isiyo na ulinganifu kabla sijasema huu ni upande wa kushoto.

Na upande una maana kubwa. Memphis Belle, ile ndege ya mabomu ya Kimarekani aina ya B-17 iliyokuwa Bassingbourn, Uingereza, ina msichana pande zote mbili za pua. Kushoto amevaa buluu, kulia nyekundu. Kwenye picha ya nyeusi na nyeupe rangi hizo mbili zinaweza kutoka kijivu kilekile, hivyo ukigeuziwa picha unaweza kumtaja mmoja kwa jina la mwenzake. Yule msichana alinakiliwa kutoka michoro ya George Petty, na aliyempaka ni koplo Tony Starcer wa kikosi cha 91. Starcer alipaka ndege zaidi ya mia moja za kikosi hicho. Hapa kuna fundisho lingine: mkono wa mchoraji ukiutambua, umepata kikosi, hujapata ndege. Kwa ndege rudi kwenye mkia, 124485.

Mchoro wenyewe unaweza hata kupakwa kwenye ndege isiyo yake. Kambi ya Whiteman, Missouri, kuna B-29 imesimama ina jina The Great Artiste. Ni nakala ya heshima tu, ndege nyingine iliyovalishwa jina. The Great Artiste halisi ilipata ajali Goose Bay, Labrador, mwaka 1948, na mwaka uliofuata ikakatwakatwa kuwa chuma chakavu. Inaniuma kila ninapolikumbuka. Watalii wanapiga picha Whiteman, na baada ya miaka thelathini mtu ataziokota bila maelezo.

BintiBandari

Na Afrika je? Kuna ndege za namna hiyo zilizotambuliwa huku kwetu?

MsomaPicha

Ipo moja Libya. Iliitwa Lady Be Good, ndege ya mabomu ya Kimarekani aina ya B-24D, ya kikosi cha 376. Tarehe 4 Aprili 1943 iliruka kutoka Soluch, karibu na Benghazi, kwenda kupiga Naples. Usiku ikirudi ikapitiliza pwani bila kujua, ikaingia jangwani, mafuta yakaisha, watu 9 wakaruka kwa miavuli. Ndege ikajitua yenyewe kwenye mchanga. Iliaminika kwamba ilizama Mediterania. Mwaka 1958 watafuta mafuta waliiona kutoka angani, mwaka 1959 ikafikiwa. Kwenye pua, upande wa kulia, jina lilikuwa bado linasomeka, pamoja na namba 64. Ukame wa jangwa ulikuwa umeitunza rangi miaka yote ile.

Hapo jina lilisema kweli. Mwaka 1960 mabaki ya watu 8 yalipatikana. Baadhi yao walikuwa wametembea zaidi ya kilomita 100 kuelekea kaskazini. Rubani msaidizi, Robert Toner, aliandika shajara mpaka siku za mwisho.

MwanaLikasi

Jambo kwenu wote. Mimi ni mtu wa Likasi, Katanga. Nimeufuata uzi huu tangu mwanzo na kuna neno moja limenikaa.

Mnasema reli ya kwenye mchoro inaanzia Salt Lake. Shinkolobwe iko karibu na kwetu. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Wamarekani wa bomu ilitoka pale, chini ya kampuni ya Union Minière. Mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, mwaka 1940 alipeleka New York zaidi ya tani 1,000 za mawe yale, kabla hata Wamarekani hawajaomba. Yalihifadhiwa kwenye ghala kisiwa cha Staten, na mwaka 1942 jeshi likayanunua. Mawe yaliondoka Katanga kwa reli mpaka bandari ya Lobito, Angola, kisha meli.

Yalipakiwa kwenye mabehewa. Mabehewa ya kweli. Wazee wetu ndio waliochimba na kupakia, na hakuna aliyewaambia wanashika nini. Nikiutazama mchoro ule naona reli imekatwa kichwa. Ilitakiwa ianzie kwetu.

MsomaPicha

MwanaLikasi, nimeisoma mara tatu. Nimeutazama mchoro ule miaka mingi, nimehesabu hata magurudumu ya lile behewa, na hilo sikuwahi kuliona. Asante ndugu yangu.

Ni kweli pia kwamba bomu la Nagasaki lilikuwa la plutonia, na plutonia ile ilitengenezwa Hanford, jimbo la Washington, kwa kuchoma urani ndani ya tanuri za nyuklia. Kwa hiyo mawe yanaingia kwenye habari ya Nagasaki pia, si Hiroshima peke yake.

Na mwisho wa reli nao una watu. Kwa hesabu ya mji wa Nagasaki wenyewe, waliokufa kufikia mwisho wa mwaka 1945 ni karibu 74,000. Mimi huwa siipendi ile picha kutumwa na vijialama vya kushangilia.

Kibada77

Wakuu, nimerudi kwenye lile grupu nimefuta niliyoandika. Nimeweka hivi, mnisahihishe:

"Bockscar, B-29 namba 44-27297, ya kikosi cha 509. Picha imepigwa baada ya tarehe 9 Agosti 1945, kwa sababu mchoro wa behewa ulipakwa baada ya safari ya Nagasaki. Siku ya safari ndege ilikuwa na namba 77 na N ndani ya pembetatu mkiani, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa Kokura."

MsomaPicha

Safi kabisa. Ongeza kwamba aliyeirusha siku ile ni Sweeney, maana mtu akiona jina la Bock atadhani ni yeye. Na kama kuna nafasi, weka kwamba ndege ipo Dayton, Ohio, tangu mwaka 1961, ili anayeweza kufika akaisome mkia mwenyewe.

MwanaLikasi

Na Shinkolobwe, kaka Kibada. Hata kwa neno moja.

Kibada77

Nimeiweka, ndugu. Nimeiweka mwanzoni.